Kibanda Kisicho na Chuma

Kituo cha Usumaku, kilimani
Jumatatu, 3 Februari

Baba, shikamoo.

Sikuulizi hali, maana Shangazi ameshanitumia habari zako zote kwa mdomo wa dereva wa gari la maji: kwamba unakula vizuri, kwamba ukiitwa husikii lakini sahani zikigongana jikoni unasikia, na kwamba umeanza tena ile habari yako ya kuzikwa huku juu, kando ya kibanda cha vipimo. Anasema unaitoa wakati yeye ana tonge mkononi. Mwache dada yako ale, Baba.

Ningekupigia simu lakini wewe huisikii, na hapa kilimani haishiki. Aliyepigana mnara usijengwe karibu ni wewe mwenyewe, kwa hiyo tuandikiane tu.

Nina wasiwasi. Leo ni Jumatatu ya tano tangu unikabidhi daftari na kwenda kupumzika. Kila Jumatatu saa tatu asubuhi nafanya ulivyonifundisha. Navua kila chenye chuma na kukiweka kwenye lile sanduku la mbao mlangoni: funguo, saa, pini za nywele, mkanda, na vishikizo vya nguo ambazo binti hamtajii baba yake. Naingia na viatu vya kushonwa kwa uzi. Nasimama kwenye nguzo inayobeba chombo, napima mara nne, natafuta wastani. Na kila Jumatatu nguvu ya usumaku wa dunia inanitokea pungufu kuliko yako kwa nanotesla kumi na moja.

Najua kumi na moja ni nini mbele ya elfu thelathini na tatu. Mtu wa sokoni angenicheka. Lakini ni wewe uliyesema mpimaji akikosea mbili asile, akikosea tano asilale. Juma la mwisho la Desemba, kwa mkono wako, zipo. Juma la kwanza la Januari, kwa mkono wangu, hazipo. Kile chombo cha kujiandikia chenyewe kilipigwa radi miaka mingi iliyopita na hawajatuletea kingine, kwa hiyo hakuna shahidi isipokuwa mimi na nguzo.

Mimi si Mzee Shaba. Wewe mji mzima ulikuita hivyo kwa sababu ya vifungo vyako vya shaba na mkanda wako wa kishikizo cha shaba, na hakuna aliyewahi kukukuta na hata msumari mfukoni. Mimi nina miezi sita ya majaribio, na mitatu ya kwanza inaisha Machi.

Niambie ukweli. Je, inaweza kuwa kiini? Yaani kile cheti chako ukutani, kwamba ulikinasa kiini cha dunia kikigeuza mwendo: je, inaweza kuwa kimegeuka tena, safari hii mikononi mwangu?

Nasubiri jibu kuliko ninavyosubiri maji.

Mwanao,
Sindano


Nyumbani
Alhamisi, 13 Februari

Mwanangu Sindano,

Marahaba. Usimsikilize Shangazi yako; yeye hula hata nikitaja kaburi.

Kwanza kagua kibanda. Misumari yote ni ya shaba, niliipigilia mwenyewe, lakini fundi akija kurekebisha paa huacha vitu. Angalia kama kuna koleo limesahauliwa nyuma ya ukuta. Angalia ndoo. Angalia nguo zako, na ukimaliza ziangalie tena. Kikulacho ki nguoni mwako: niliuandika msemo huo juu ya mlango na sikuuandika kwa mapambo. Unakumbuka nilivyomrudisha mkurugenzi mzima mlangoni, akaingia ameshika suruali kwa mkono kwa sababu mkanda ulibaki sandukuni.

Sasa kuhusu kiini. Nikueleze tena kama nilivyokueleza ukiwa mdogo, mwembamba hivyo hivyo, ukiuliza nani anaishikilia sindano ya dira.

Chini ya miguu yako kuna mwamba wa kilomita kama elfu tatu. Chini yake kuna bahari ya chuma kilichoyeyuka, na katikati ya bahari hiyo kuna donge la chuma kigumu. Chungu kile hakijapoa tangu dunia iumbwe. Joto linapanda, chuma cha juu kikipoa kidogo kinashuka, cha chini kinapanda. Tena donge la katikati linazidi kuganda, na likiganda linatema vile vyepesi visivyo chuma, navyo vinapanda vikikoroga chungu zaidi. Na kwa kuwa dunia yenyewe inazunguka, mikondo hiyo haipandi wima. Inasokotwa kama kamba.

Hapo ndipo penyewe. Dinamo ya baiskeli ina sumaku ndani. Ukikanyaga, waya na sumaku vinapitana, umeme unatoka, taa inawaka. Kule chini hakuna sumaku, kwa joto lile sumaku yoyote ingekufa. Kuna chuma kioevu kinachotembea tu. Lakini kikitembea ndani ya usumaku uliopo kinazaa umeme, na umeme huo unazaa usumaku, na usumaku huo ndio ambamo chuma kinaendelea kutembea na kuzaa umeme. Kuku na yai, kila mmoja anamlisha mwenzake. Kukoroga kungekoma, usumaku wote ungefifia kwa makumi ya maelfu ya miaka, ukaisha.

Na kinakoroga taratibu. Mwendo wake ni wa konokono aliyechoka. Juu yake kuna ule mwamba mnene, na sisi tunasikiliza kupitia ukuta. Majirani wakigombana ng'ambo ya ukuta mnene unajua kwamba wanagombana, husikii neno moja moja. Kwa hiyo mabadiliko ya kiini yanatufikia kwa miezi na miaka. Kiini hakirukiruki kama chura. Hakiwezi kutoa kumi na moja kati ya Jumatatu na Jumatatu.

Kagua nguo.

Baba yako,
Shaba


Kituoni
Jumatano, 26 Februari

Baba, shikamoo.

Nimekagua. Nimekagua mpaka nimejichukia. Nyuma ya ukuta hakuna koleo. Ndoo ni ya plastiki. Nimepitisha dira juu ya kila msumari. Nimekata zipu ya sketi, sasa naifunga kwa utepe kama mgonjwa wa wodini. Nimenyoa nywele ili pini isipate cha kushika. Kumi na moja ziko pale pale.

Idara wameandika. Mkuu anasema takwimu zangu za Januari na Februari hazikubaliki, kwa sababu zinapingana na mfululizo wa mpimaji wa miaka thelathini na moja ambaye kazi yake imo katika taarifa yao ya mwaka. Nikishindwa kueleza kabla ya tarehe 31 Machi, majaribio yangu yatasitishwa, kibanda kitafungwa, na watasimika mtambo mahali pengine penye barabara nzuri. Hawajasema mimi ni mzembe. Wamesema "huenda mrithi hana utulivu wa mkono." Nimeisoma sentensi hiyo mpaka imeacha kuwa na maana.

Mkono wangu ulikuwa mtulivu, Baba.

Nikafungua madaftari ya nyuma nione lile tukio la cheti chako. Mwaka ule ulipoanguka kwenye ngazi ukavunjika mguu, mimi nikiwa chuoni. Miezi minne hakuna kipimo. Halafu umerudi, na mwandiko wako ni ule ule: "Ongezeko kubwa tangu kipimo cha mwisho. Huenda kiini kimegeuza mwendo." Nimepiga hesabu. Ukiondoa mwenendo wa kawaida, ongezeko ni kumi na moja.

Zilipanda kumi na moja, zikakaa miaka mitatu, zikashuka kumi na moja siku niliyoingia mimi. Na kile kituo cha nchi jirani hakikuwahi kuziona, si wakati wa kupanda wala wa kushuka. Mkuu aliandika wakati ule kwamba ni kwa sababu ya umbali. Mimi sijui. Wewe umesema kiini hakirukiruki kama chura. Basi kama si kiini, na si kibanda, nimebaki mimi.

Nakuomba, kumbuka. Ulipimaje siku zile? Ulisimama wapi? Kuna kitu ulikifanya ambacho mimi sikifanyi? Nifundishe nami nikifanye.

Mwanao,
Sindano


Nyumbani
Ijumaa, 7 Machi

Mwanangu,

Barua nimeipata. Miwani inanisumbua, kwa hiyo nitakuwa mfupi.

Usiandike chochote Idarani kwa sasa. Endelea kupima. Mkono wako hauna neno, nilikufundisha mwenyewe.

Nywele hukupaswa kunyoa.

Baba


Nyumbani
Jumapili, 9 Machi

Mwanangu, hujambo?

Hii ni mimi Shangazi yako. Baba yako amelala usingizi wa mchana ndiyo nimepata kalamu, na ukiniona nimeandika ujue mambo si mambo. Dereva wa maji nitampa mkononi, asiipitishe kwa mzee.

Tangu barua yako ya mwisho hali chakula. Mtu aliyekuwa akikwangua sufuria sasa anaacha nusu sahani na kusema nimezidisha chumvi, na chumvi sikutia. Anakaa mbele ya kile cheti chake kama anasubiri kimsalimie. Kuna barua anaiandika, anaichana, anaiandika. Nikamuuliza, kuna nini na mtoto? Akasema hakuna. Mtu akisema hakuna kwa sauti ile, kuna.

Halafu kuna ile dira uliyokuwa ukichezea ukiwa mdogo. Mara tatu nimemkuta amekaa kitandani ameiweka shukani, kando ya paja. Nikamtania, nikasema kaka, kama umepotea njia ya chooni niambie nikushike mkono. Hakucheka. Tena hili si jambo la leo. Hata zamani, mwaka ule alipotoka hospitali, niliwahi kumkuta hivyo hivyo.

Mimi nadhani ni mguu. Baridi hii, lile bamba la chuma walilomfungia na skrubu zake sita linamvuta, naye anajikaza anasema ni mshipa. Ndiyo, mwanangu, alipasuliwa. Tulikwambia ni plasta kwa sababu alisema una mitihani usitishike. Mitihani ilikwisha siku nyingi, sioni siri ya nini tena. Mficha maradhi kifo humuumbua.

Mwandikie maneno ya kumchangamsha. Anadhani umemkasirikia.

Shangazi


Kituoni
Jumanne, 18 Machi

Shangazi, shikamoo.

Karatasi hii ndogo ni yako peke yako, ichome jikoni. Asante kwa habari ya mguu. Tafadhali usimwambie mtu mwingine habari ya lile bamba, hata dereva wa maji, hata daktari akija mgeni. Na usimwambie yeye kwamba mimi najua. Nitakueleza nikija. Ile nyingine, kubwa, mpe yeye.

Sindano


Kituoni
Jumanne, 18 Machi

Baba yangu, shikamoo.

Tulia sasa, kosa limepatikana na ni langu. Kitambaa changu cha kichwa kilikuwa na pini ndani ya upindo, tangu dukani. Miezi miwili mizima nimeingia kibandani na chuma kichwani bila kujua. Nimeona aibu hata kuandika.

Nimewaandikia Idara leo. Nimewaambia vipimo vyangu vyote vya mwaka huu vifutwe, na mfululizo wako ubaki kama ulivyo. Nimewaambia sitasubiri tarehe 31, nitaondoka. Kuna shule ya wasichana mjini inatafuta mwalimu wa fizikia. Nitawafundisha habari ya chungu na kuku na yai, na hakuna atakayenivua mkanda.

Kwa hiyo kula, Baba. Cheti kisiguswe, kikae ukutani pale pale. Miaka thelathini na moja ulipanda kilima hiki, mvua na jua, hata siku aliyofariki Mama ulirudi kupima kwa sababu ilikuwa Jumatatu. Haiwezekani kazi hiyo iharibike kwa ajili yangu.

Najua hupendi maneno ya namna hii. Lakini nakupenda, nawe ni mpimaji bora niliyewahi kumwona.

Mwanao,
Sindano


Nyumbani
Jumanne, 18 Machi

Mwanangu Sindano,

Hii ni barua ya saba. Sita zimechanika. Hii itapanda gari la maji, nimeshamwambia dereva hata nikimkimbilia barabarani kuiomba asinirudishie.

Uliuliza kama kuna kitu nilikifanya ambacho wewe hukifanyi. Kipo. Niliingia kibandani na chuma.

Nilipoanguka, mguu haukufungwa plasta. Nilipasuliwa. Ndani ya paja langu la kulia kuna bamba na skrubu sita. Nilimuuliza daktari kama vinashikwa na sumaku, akasema haviathiri kitu. Alikuwa na maana ya afya yangu. Mimi niliyetafuta ukweli kwa maisha yangu yote nikalichukua jibu hilo kwa sababu lilinifaa.

Nikarudi kilimani. Nikapima, nikakuta zimeongezeka. Nakuapia, siku ile sikujua. Nilifurahi, mwanangu. Miaka ishirini na minane nilikuwa nimengoja kuona kiini kikigeuza mwendo kwa macho yangu, na sasa nikadhani kimegeuka nikiwa mgonjwa, na mimi ndiye wa kwanza kukiona. Nikaandika Idara. Wakaleta cheti. Watu walinipa mkono.

Baada ya miezi mitano nilikuwa kitandani nasafisha ile dira yako. Niliiweka shukani, kando ya paja, nitafute kitambaa. Sindano ikageuka ikanielekea. Nikaisogeza, ikarudi kaskazini. Nikaikaribisha, ikanielekea. Nilikaa hapo mpaka Shangazi yako akaniita mara tatu.

Nikajua siku hiyo hiyo. Kiini hakikufanya lolote, kilikuwa kwenye shughuli zake. Nilikisingizia. Nikasema kesho nitaandika Idara. Kesho ikawa Jumatatu, nikapanda kilima na mguu wangu, nikapima. Nikijua. Nikaandika namba kwenye daftari kwa wino. Mpimaji mwenye chuma mwilini hana kazi, na mimi sikujua kuwa mtu gani kama si wa kazi ile. Nikasema nitanyamaza mpaka nistaafu, kisha ni makaratasi tu, nani atauliza.

Umeuliza wewe. Ulikuwa unavua hata nywele zako, na mimi nikakuandikia kagua nguo.

Mkono wako ni mtulivu. Namba zako ndizo za kweli. Nimeandika Idara leo, ukurasa mzima, na jina la hospitali na tarehe ya kupasuliwa. Kama watanifuta wanifute. Usiniandikie maneno mazuri. Niandikie tu kwamba umeisoma.

Baba


Idara ya Vipimo vya Ardhi, Ofisi ya Mkuu
Ijumaa, 28 Machi
Kwa: Mpimaji (majaribio), Kituo cha Usumaku
Nakala: Mpimaji mstaafu

Nimepokea barua mbili kutoka mfuko mmoja wa posta. Kila moja inakiri kosa lile lile. Kwa miaka ishirini katika ofisi hii watu huniandikia kukana, kwa hiyo naomba mnivumilie kama sina fomu ya jambo hili.

Binti anasema ni pini ya kitambaa. Nimeazima pini ya mke wangu na kuijaribu kwenye chombo chetu cha hapa kwa umbali wa kichwa hadi nguzo. Haifikishi hata nusu ya moja. Tena pini ingeyumbayumba kila wiki kwa jinsi kitambaa kinavyofungwa, wala isingetoa kumi na moja kwa Jumatatu kumi bila kuteleza. Kwa hiyo barua ya mpimaji wa majaribio si ya kweli, na nalirekodi hilo, ingawa nimelirekodi kwa penseli.

Mzee anasema ni mguu. Hilo linapimika. Jumatatu tarehe 14 Aprili mpimaji mstaafu apande kituoni. Binti apime akiwa peke yake. Kisha mzee asimame alipokuwa akisimama, na binti apime tena.

Ikitoka kumi na moja, tutaondoa kumi na moja kwenye vipimo vyake vya miaka mitatu, na taarifa ya mwaka itarekebishwa. Isipotoka, nitakuwa na wapimaji wawili waliokiri na kosa moja lisiloeleweka, na kwa masikitiko majaribio yatasitishwa na kibanda kitafungwa. Nimesogeza tarehe ya mwisho hadi siku hiyo, siwezi kuisogeza zaidi.

Mkuu wa Idara


Nyumbani
Alhamisi, 24 Aprili

Mwanangu Sindano,

Nakala ya uamuzi nimeipata. Umethibitishwa kazini. Shangazi yako amemsomea kila mtu wa mtaa huu, hata wasiouliza. Mimi alinisomea kwa sauti ya kumwamsha maiti, nikamwambia sasa hivyo ndivyo mtu anavyosikia.

Nilikuwa na hofu siku ile kuliko siku ya kupasuliwa. Hujui. Nilipojipapasa mifuko pale mlangoni kwa mazoea, nikaona ule msemo wangu juu ya mlango, nusura nirudi garini. Halafu nikaogopa kinyume chake: kwamba labda isitoke hata moja, labda bamba limepoa na uzee, nawe ufukuzwe kwa uongo wa pini na kwa ukweli wangu pia. Nilisimama pale umenipa mgongo, jicho kwenye darubini ya chombo, sikio langu halisikii kitu, nikikutazama bega tu. Mara ya nne bega likashuka. Ukasema namba. Sikuisikia, ukanionyesha kwa vidole: kumi, kisha kimoja. Sijawahi kufurahi kuambiwa nimeharibu kazi.

Ila kuna jambo moja sikulielewa. Tulikuwa tumeshapata jibu, nawe ukanitoa nje, ukaniambia nirudi nyuma hatua moja, ukapima. Hatua nyingine, ukapima. Ukanipeleka hivyo mpaka kwenye ule mwinuko wa mawe meupe, mguu unaniuma, unaingia na kutoka kama mtu aliyesahau sufuria jikoni. Nadhani Mkuu alitaka jedwali. Sikutaka kukuuliza, nilikuwa nimeona haya.

Cheti nimekitoa mwenyewe. Shangazi yako ametundika kioo pale, sasa nikikaa kwenye kiti changu najiona mimi. Si adhabu ndogo.

Imebaki moja, nayo nilimalize. Ile habari ya kuzikwa kilimani, kando ya kibanda, ifute. Nilikuwa nikiisema kila siku kama mtu mwenye haki yake. Lakini bamba lile haliozi haraka, na hayo mengine yataisha kabla yake. Sitaki nilale pale nikikuharibia vipimo, wewe na atakayekufuata, mpaka mtu aje aseme kiini kimegeuka tena. Nizikeni huku chini, popote. Nimeshamwambia Shangazi yako. Akaacha kula.

Baba yako.
Jina la Shaba siliandiki tena.


Kituoni
Jumatatu, 5 Mei

Baba, shikamoo.

Nimeisoma. Ile ya Machi uliniomba nikuandikie hivyo tu, na sikuandika, kwa sababu nilikuwa nimekasirika. Nimesoma mara nyingi. Nilikasirika kwa zipu, kwa nywele, kwa kila Jumatatu niliyojikagua pale ndani wewe ukijua. Nami nilikudanganya kuhusu pini, nikijua habari ya mguu kutoka kwa Shangazi. Tumedanganyana vya kutosha, tuache hapo.

Leo nimepima. Elfu thelathini na tatu na chembe zake, mahali pake panapotakiwa. Nimechora miaka yako thelathini na moja na miezi yangu mitano kwenye karatasi moja, ile mitatu ikiwa imeondolewa kumi na moja. Mstari mmoja, Baba, hauna hata kigongo, unashuka taratibu kama kilima hiki upande wa barabara. Kiini hakikukuonyesha kugeuka kwake. Lakini hakuna anayeweza kusema kiini kilitembea na wewe hukukitazama.

Sasa kuhusu Mkuu na jedwali. Mkuu hakutaka jedwali lolote. Ulidhani nakurudisha nyuma kwa ajili ya Idara.

Kwenye nguzo, kumi na moja. Mlangoni, hatua mbili, imebaki chini ya moja. Hatua tano, nikapima mara nne, sikuona kitu. Sikuridhika, ndiyo maana nikakusumbua mpaka kwenye mawe meupe: hatua ishirini, mara nne tena, na mguu wako haupo. Unasimama pale mzima na chuma chako chote, na nguzo haikujui.

Nimepitisha dira kwenye mawe yale, ni safi. Ijumaa nilimwomba dereva wa maji anisaidie, tukasogeza moja kubwa, tumelisimamisha kwenye hatua ya ishirini. Kutoka hapo mlango wa kibanda unauona vizuri. Usiharakishe. Lakini mwambie Shangazi ale, nafasi yako ipo.

Mwanao,
Sindano